Unga Kichwani, Mtoto Mashineni

Mwaka 1996, mwezi wa tatu, Emelyne alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, watoto wanne, na mume aliyelazwa hospitalini Mpanda mguu ukiwa umevunjika sehemu mbili. Walikuwa wakiishi Litapunga, kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi mwaka sabini na mbili. Yeye mwenyewe alivuka akiwa na miaka mitano, mgongoni kwa mama yake. Mengi ya safari ile aliyajua kwa kusimuliwa tu. Alichokumbuka mwenyewe ni jasho la mgongo wa mama na kitambaa kilichomkwaruza shavu.

Mumewe, Telesfori, aliangukiwa na mti akikata kuni za bani. Kwao bani ni kile kijumba kirefu cha udongo cha kukaushia tumbaku. Majani yanatundikwa ndani juu kwa juu, moto unawashwa kwa nje, na joto linapita kwenye mabomba yaliyolazwa chini. Moto huo haulali kwa siku sita au saba. Ukipungua, majani yanaoza yakiwa yamening'inia. Ukizidi, au jani moja likidondoka juu ya bomba, kijumba chote kinashika moto. Telesfori alibebwa kwenda Mpanda juu ya lori la kuni, na tumbaku yote ikabaki shambani ikisubiri Emelyne aichume.

Emelyne alikuwa mwanamke wa haraka, na watu walizoea kumsifu kwa hilo. Lakini wiki tatu baada ya mumewe kulazwa, haraka ile iligeuka kitu kingine. Alianza kufagia, akakumbuka maharage jikoni, akaacha ufagio. Kabla hajafika jikoni alisikia mbuzi shambani, akaokota jiwe. Alirudi na jiwe mkononi akakuta maharage yameungua, mtoto analia, na mama mkwe wake anamwita kwenye bani. Jumuiya ya akina mama ilikuwa isali kwake Alhamisi. Telesfori alikuwa ametuma salamu kwamba chakula cha hospitali hakimshibishi. Watoto watatu wakubwa walikwenda shule bila kuchana nywele. Wa mwisho, Didace, alikuwa na miezi tisa na ndiyo kwanza amejifunza kutambaa.

"Mwanangu, kaa chini kidogo," mama mkwe alimwambia. Alikuwa kizee mwenye macho mabovu, jina lake Gaudiose, na Emelyne alimwita mabukwe kama wanavyoitana kwao.

"Nikikaa, mabukwe, nani atafanya?"

Jumanne moja alimwacha mabukwe achochee moto wa bani, akamfunga Didace mgongoni, akajitwika beseni la muhogo mkavu, akaenda mashineni.

Mashine ya kusaga ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka kwake, ndani ya banda la mabati. Mwenye kuiendesha aliitwa Severini, mtu mnene, mcheshi, ambaye siku zote alikuwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Ndani ya banda kulikuwa na joto na kelele, na Didace alilia hadi akakauka sauti. Zamu yake ilipokaribia, Emelyne alimfungua mgongoni, akatandika kitenge pembeni ya magunia, akamweka hapo. Nyuma yake kwenye foleni alisimama mwanamke wa Kisukuma aliyeitwa Ng'washi. Wasukuma hao walikuwa wamehamia mwaka uliopita na ng'ombe wao, wakajenga ng'ambo ya mto. Emelyne na Ng'washi hawakuwa wamewahi kuzungumza zaidi ya salamu.

Muhogo ulikuwa umesagwa nusu wakati mtu aliyekuwa nje alipopiga kelele.

"Jamani! Moshi kule kwa Telesfori!"

Emelyne alichungulia mlangoni. Juu ya miti, upande wa kwake, moshi mzito ulikuwa unapanda. Hakufikiri lolote. Alinyakua beseni lenye ule unga nusu, akaliweka kichwani, akakimbia. Alikimbia njia nzima bila kumwaga unga, maana alikuwa amezoea. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine. Mikono yake ilikumbuka kuushika unga.

Nyumbani hakukuta kilichowaka. Mabukwe alikuwa ametia kuni mbichi kwenye mdomo wa moto, na moshi ulikuwa umejaa ua mzima. Kizee alikuwa amesimama hapo akifuta machozi kwa upindo wa nguo.

"Ni moshi tu, mwanangu. Nilikosea kuni." Halafu, kwa macho yale mabovu, akamtazama. "Mtoto yuko wapi?"

Emelyne alipeleka mkono mgongoni.

Aliliacha beseni likaanguka lenyewe. Alivyorudi mashineni hakuweza kueleza hata alipoulizwa miaka mingi baadaye. Alichokumbuka ni kwamba alipokaribia hakusikia mtoto analia. Injini tu ndiyo iliyounguruma.

Kumbe mtoto alikuwa ametambaa kutoka kwenye kitenge, akapita nyuma ya magunia hadi kwenye injini, akashika bomba la moshi. Ng'washi ndiye aliyemwona. Aliruka magunia, akamvuta, akamwagia maji ya kibuyu chake kwenye kiganja hadi kibuyu kikaisha. Mtoto hakunyamaza. Ng'washi naye alikuwa na mtoto anayenyonya, aliyemwacha nyumbani, kwa hiyo alikaa chini juu ya gunia lake, akampa Didace ziwa.

Emelyne aliwakuta hivyo. Watu wote wa foleni walikuwa wamegeuka kumtazama yeye. Severini alikuwa ndiyo kwanza amezima injini.

"Mama Providence," mwanamke mmoja alisema, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa, "leo umesahau kitu."

Watu wengine walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Labda walicheka kwa sababu mtoto alikuwa hai. Lakini kicheko kile kilimchoma Emelyne, na kabla hajajua atasema nini, mdomo wake ulishasema.

"Sijasahau. Nilimwachia huyu mama. Nilimwambia, nishikie mtoto narudi sasa hivi."

Ng'washi aliinua uso.

"Uliniambia?"

"Nilikuambia!" Sauti ya Emelyne ilipanda. Aliona kile kiganja kidogo, chekundu, ngozi imejikunja, na akaona njia moja tu ya kukitazama bila kuanguka. "Nilikuambia umshike, ukamwachia akaenda kwenye moto! Ona! Ona ulivyomfanya mtoto wa mwenzio!"

Ng'washi alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta neno alilolificha mahali akasahau ni wapi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Mwishowe alimtoa mtoto ziwani, akampa mama yake.

"Haya," alisema.

Severini ndiye aliyeyachukua maneno hayo na kuyaendeleza. "Nyie watu mmezoea ng'ombe," alimwambia Ng'washi. "Mtoto wa mtu haachwi tu akachunge mwenyewe. Na mimi hapa mashineni kwangu sitaki matatizo." Wengine wakaitikia. Mwingine akasema watu wa kuja hawana uchungu na wenyeji. Emelyne, aliyefika nchi hii mgongoni mwa mtu, alisikia neno hilo, watu wa kuja, na hakufungua mdomo. Alimfunga mtoto wake, akaondoka.

Siku hiyo alipaka kiganja cha Didace mafuta ya kula na kurudi kwenye bani, kwa sababu moto ulikuwa umeshapungua. Jumatano alisema atampeleka zahanati. Lakini siku hiyo tumbaku ilikuwa inageuka rangi, na siku ya kugeuka rangi ndiyo siku isiyotaka mtu abanduke. Usiku aliamka kuongeza kuni na mtoto hakulala. Alhamisi akina mama wa jumuiya walikuja kusali. Walikuwa wamesikia. Walimpa pole na kumlaani yule Msukuma, na mmoja akaomba kwa sauti Mungu awalinde watoto na mikono isiyojali. Emelyne alisema amina pamoja nao. Alipoitikia, aliona uso wake ukiwaka, akasingizia moshi wa jikoni.

Usiku ule alimwota mama yake. Katika ndoto mama hakusema lolote, alikuwa anatembea tu mbele yake na mzigo mgongoni. Mama yake alikuwa ameacha kila kitu siku ile walipokimbia. Aliacha vyungu, ng'ombe wawili na mtama ndani ya ghala. Alikuwa akisimulia hivyo bila kujisifu, kama mtu anayetaja vitu alivyovisahau sokoni.

Ijumaa asubuhi kiganja cha mtoto kilikuwa kimevimba na kutoa maji yenye harufu. Emelyne aliogopa sana, akaenda zahanati akikimbia.

Zahanati siku hiyo ilikuwa na nesi mmoja tu, Skolastika, mwenyeji wa upande wa Mpanda, mwanamke mwembamba wa makamo. Mganga alikuwa amesafiri. Watu walijaa kwenye mabenchi na chini ya paa la nje, labda arobaini. Emelyne alipita katikati yao hadi mlangoni.

"Nesi, mtoto wangu mkono unaoza!"

Skolastika alikuwa amesimama palepale mlangoni na kikombe cha maji mkononi. Hakuwa anafanya kazi yoyote. Alikuwa anakunywa maji na kuwatazama watu, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na jambo hilo lilimkasirisha Emelyne. Nesi aliweka kikombe dirishani, akaja, akaushika mkono wa Didace, akaugeuza, akamgusa paji la uso.

"Huyu anaweza kungoja. Kaa pale."

"Anaweza kungoja? Tazama vizuri!"

"Nimetazama, mama. Hana homa kali, ananyonya, analia kwa nguvu. Anaumwa, lakini anaweza kungoja saa moja. Yule," alionyesha kwa kidevu mtoto mmoja aliyelala mapajani kwa baba yake mwisho kabisa wa benchi, kimya, macho nusu wazi, "yule hawezi."

Hakuna aliyekuwa amemwona mtoto yule. Baba yake hakuwa amepiga kelele wala kusukuma mtu. Skolastika alimchukua yeye kwanza. Baadaye akamchukua mama mjamzito aliyekuwa ameegemea ukuta. Watu walinung'unika. Mzee mmoja alisema yeye alifika alfajiri. Nesi akamjibu, "Najua, baba, nisamehe," na hakubadilisha mpango wake.

Zamu ya Emelyne ilipofika, mtoto alikuwa amelala. Nesi alisafisha kidonda polepole kwa maji ya chumvi.

"Unawezaje?" Emelyne aliuliza. Hakuwa amekusudia kuuliza. "Watu wote hawa na uko peke yako."

"Siwezi," Skolastika alisema. "Nilipoanza kazi nilikuwa nakimbia. Huyu ananiita, naenda, yule analia, namwendea. Siku moja kijana alinifia kwenye benchi huku natafuta kadi ya mtu mwenye kikohozi. Alikuwa amekaa pale muda wote. Sikumtazama kwa sababu hakunisumbua." Alichovya pamba nyingine. "Sasa nikifika nasimama kwanza. Nakunywa maji yangu. Nawatazama wote, hata kama wananitukana. Naanza na asiyeweza kungoja. Wengine watanisamehe."

"Na wasiposamehe?"

"Wanakasirika. Wakae na hasira zao, mimi nafanya kazi." Alianza kufunga bandeji. "Huyu aliungua lini?"

"Jumanne."

"Na leo Ijumaa." Hakusema zaidi ya hapo, lakini alisimamisha mkono kidogo. "Alikuwa na nani?"

Emelyne alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amelitumia kwa akina mama, kwa mabukwe, na kwa majirani wote. "Nilimwachia mama mmoja wa Kisukuma pale mashineni."

"Ng'washi?"

"Unamjua?"

"Jina alilonitajia tu. Alikuja hapa Jumatano, akaja tena jana. Aliuliza kama kuna mtoto ameletwa ameungua mkono. Kiswahili chake kigumu, alinionyesha hivi, kiganja." Skolastika alikikunjua kiganja chake mwenyewe. "Nikamwambia hajaja. Alikaa pale nje muda mrefu, kisha akaondoka. Nikadhani ni shangazi."

Emelyne alitaka kumwambia ukweli, lakini mbele ya nesi yule alishindwa. Alishukuru, akachukua dawa, akamfunga mtoto mgongoni. Njia nzima alitembea akitazama chini. Mtu akimsalimu aliitikia bila kuinua uso, na kila aliyemsalimu alimpa pole, na kila pole ilikuwa kama anapokea kitu cha wizi.

Alipofika kwake, mabukwe alimpokea kwa orodha. Kuni zilikuwa zimekaribia kuisha. Bani ilikuwa kwenye siku ya kukausha vikonyo, ambayo moto wake ni mkubwa kuliko siku zote. Lori la kwenda Mpanda lingepita alasiri, na chakula cha Telesfori kilikuwa hakijapikwa. Nyani walikuwa wameingia kwenye mahindi. Mtoto wa kwanza alikuwa ametumwa na mwalimu kuleta jembe.

Emelyne alihisi tena ile hali ya kutaka kukimbia pande zote kwa wakati mmoja. Akasimama katikati ya ua. Aliomba maji. Mabukwe alimletea kwenye kata, akanywa yote, na kizee akabaki anamtazama kwa mashaka.

Alitazama kitu kimoja kimoja. Telesfori hakuwa anakufa. Dada yake Specioza alikaa Misunkumilo, karibu na mjini, na angempelekea ugali hata akinung'unika. Mahindi yangeliwa kidogo. Jembe lingesubiri Jumatatu. Tumbaku ingeharibika, na kuharibika kwake kungeumiza mwaka mzima, lakini ingekuwa tumbaku iliyoharibika, basi. Halafu aliutazama ule uongo. Jumanne ulikuwa wa kwake peke yake. Alhamisi ulishaombewa. Wiki ijayo watu wangemwita Ng'washi kwa uongo huo.

"Mabukwe, nakwenda ng'ambo ya mto."

"Sasa hivi? Na moto?"

"Tia kuni zilizopo. Zikiisha, uzimike."

"Emelyne! Tumbaku ya mwanangu!"

"Sikumwachia yule mama mtoto," Emelyne alisema. "Nilimsahau. Nilichukua unga nikamwacha Didace. Kisha nikasema uongo."

Kizee alifumba macho yake mabovu, akakaa chini kwenye kinu. Kisha akapunga mkono, kama anayefukuza inzi, na Emelyne hakujua kama ni kumruhusu au kumfukuza.

Ng'washi hakuwepo kwake. Uani kulikuwa na ajuza mmoja akichambua karanga, mama wa mume wake. Alimwelezea kwa ishara na kwa maneno machache: Ng'washi alikwenda kusaga. Si pale kwa Severini. Severini alimwambia asirudi. Alikwenda kijiji kingine, mbali, tangu asubuhi.

Emelyne alikaa chini kumsubiri. Tangu Telesfori alazwe hakuwahi kukaa mahali bila kitu mkononi. Aliomba asaidie karanga, ajuza akamsogezea ungo. Kutoka pale kilimani aliweza kuuona moshi wa bani yake upande wa pili wa mto. Ulikuwa mzuri mwanzoni, wa buluu na ulionyooka. Kadiri jua lilivyoshuka ukawa mwembamba. Mara mbili alinyanyuka, na mara mbili akakaa tena. Baadaye moshi haukuonekana kabisa. Alichambua karanga, akamnyonyesha Didace, na aibu ikakaa naye pale kama mgeni wa tatu. Aligundua kwamba ukiikalia haizidi. Inakaa tu.

Ng'washi alifika jua likiwa limekaribia miti, gunia la unga kichwani, miguu myekundu kwa udongo. Alimwona Emelyne, akatua mzigo bila kusaidiwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuja kuutazama mkono wa mtoto. Aliiona bandeji, akatikisa kichwa kuridhika.

"Hukuwa umeniambia lolote," Emelyne alisema, kisha akajisahihisha, maana maneno yalitoka kinyume. "Mimi. Mimi sikukuambia lolote. Nilimsahau mtoto. Nilisema uongo mbele ya watu na wewe ulikuwa umemwokoa."

"Najua," Ng'washi alisema.

"Kwa nini hukusema?"

"Kiswahili changu kinachelewa. Wewe umeshasema, wote wameshakuamini. Mimi ningefika lini?"

Emelyne alipiga magoti. Ng'washi alimshika mkono akamwinua, si kwa upole sana, kama mtu anayeinua mtoto aliyeanguka njiani na yeye ana mzigo.

"Mimi nikusamehe, sawa. Na wale?"

"Nitawaambia. Kesho. Twende wote."

"Mimi niende kufanya nini? Uongo ulikuwa wangu?" Ng'washi alilishika gunia kulipeleka ndani. "Wiki ijayo nataka nipange foleni kama watu. Kutembea huko ni mbali."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi mashineni hujaa. Emelyne alimwomba Severini azime injini kidogo. Alikataa. "Nikizima kuwasha ni kazi, mama. Sema tu." Basi ikabidi apaze sauti. Alisimama karibu na magunia, akapiga kelele kushinda injini.

"Ng'washi hana kosa! Mimi nilimsahau mtoto! Nilikimbilia tumbaku!"

Watu waliweka mikono masikioni, wakauliza nini. Alirudia kwa nguvu zaidi, na katikati ya maneno mkanda wa mashine ulichomoka, Severini akaizima injini mara moja, na sauti ya Emelyne ikabaki peke yake ndani ya banda, ikipiga kelele: "Nilisema uongo! Mimi ndiye mwongo!"

Hakuna aliyecheka mara moja. Kisha mmoja alicheka, na wengine wakafuata, na hiki kilikuwa kicheko kibaya kuliko cha Jumanne. Mwanamke aliyeomba siku ya jumuiya alimgeuzia mgongo. Severini alijifuta unga usoni kwa muda mrefu kuliko unga uliokuwepo.

"Lakini na yeye," alisema mwishowe, "angejitetea."

"Kwa lugha gani?" Emelyne alimuuliza.

Severini alishughulika na mkanda wake. Baada ya hapo alisema, bila kumtazama, kwamba mashine ni ya watu wote, anayetaka aje.

Tumbaku ile iliharibika yote. Majani yalitoka meusi, laini, na yanayonuka, akayazika nyuma ya bani kwa jembe. Alizika peke yake. Telesfori aliporudi, mwezi wa tano, akitembea kwa mkongojo, alikaa mbele ya ile bani tupu siku nzima bila kumsemesha. Siku ya pili alisema, "Ungechochea kwanza, ukaenda jioni." Emelyne alijibu kwamba amekwishafikiri hivyo mara nyingi, na huenda ni kweli. Hawakulizungumza tena kwa miezi mingi.

Hakugeuka mtu mwingine. Bado aliunguza maharage. Lakini asubuhi, kabla ya mtu kumwita, alijifunza kusimama uani akatazama vitu vyote vilivyomngoja, na kuviacha vingine kwa makusudi badala ya kuviangusha bila kujua. Kuna siku alichagua vibaya. Siku hizo alijua angalau kwamba alichagua.

Yeye na Ng'washi hawakuwa marafiki. Walisalimiana foleni, wakaulizana watoto. Mwaka 1998 wenye ng'ombe walihama kufuata malisho bonde la Mamba, na Emelyne alijua siku mbili baada ya wao kuondoka.

Mwaka uliofuata binti wa Specioza aliolewa Misunkumilo. Watu walikuwa wamekula, na vichekesho vilianza. Telesfori, aliyekuwa amekunywa kidogo na kusamehe zaidi, alisimama na kusimulia habari ya mke wake aliyekimbia na unga akamwacha mtoto mashineni. Aliisimulia vizuri. Aliiga mbio, aliiga beseni, akaiga mkono unaopapasa mgongo mtupu. Watu walipiga meza kwa kucheka. Hata Emelyne alicheka. Telesfori alimalizia pale mama anapomkuta mtoto salama, akakaa akishangiliwa.

"Haijaisha," Emelyne alisema.

Walimgeukia wakitabasamu, wakitegemea kichekesho kingine.

"Kulikuwa na mama aliyemwokoa mtoto. Anaitwa Ng'washi. Nilimsingizia mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyemwunguza, akafukuzwa mashineni, akawa anatembea kutwa nzima kwenda kusaga. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Hiyo ya unga ni mwanzo wake."

Bibi mmoja alikohoa. Specioza, mwenye shughuli, alimtazama wifi yake kwa macho ya kumwambia kwamba leo ni harusi. Kisha mtu alipitisha sahani ya pilau kutoka upande wa pili, mwingine akauliza kama soda zimebaki, na mazungumzo yakaanza tena taratibu kutoka kwenye pembe za meza. Emelyne alichukua kijiko, akala kidogo. Uso wake ulikuwa umewaka mpaka masikioni, naye aliuacha uwake.